Mluzi Uliobaki Baada ya Jenereta Kuzimwa

Jenereta ilikuwa imezimwa. Moshi ulishakatika kwenye bomba, na paka wa pale kwenye tanuri la mikate alikuwa amerudi kulala juu ya magunia ya unga. Lakini Fundi Sikio alikuwa bado amepiga magoti, ncha ya bisibisi ameigandamiza kwenye ubavu wa jenereta, mpini kauchomeka sikioni, uso umekunjamana kama mtu anayesikiliza siri ya ukoo.

"Fundi," akauliza Mama Mikate, mwenye tanuri, "mbona unasikiliza mashine iliyozimwa?"

Hapo ndipo fundi huyu mwanamke alipogutuka. Ule mluzi mwembamba aliokuwa akiusaka tangu asubuhi, uliomfanya aifungue jenereta nzima mara mbili na kung'oa beringi zisizo na kosa lolote, haukuwa ndani ya jenereta. Ulikuwa kichwani mwake mwenyewe, na ulikuwa unaendelea kulia vilevile.

Wakati huo kinyunya cha mikate kilikuwa kimeumuka, kikavuka ukingo wa karai na kuanza kushuka sakafuni. Mama Mikate alikitazama, akamtazama fundi, akakitazama tena. Siku hiyo mtaa mzima haukupata mkate, na kila aliyeuliza sababu alielezwa, tena kwa chumvi ya kutosha. Kufika jioni watu walikuwa wanaambizana kwamba Fundi Sikio siku hizi anazungumza na injini zilizokufa.

Na jina hilo la Sikio hakujipa mwenyewe, alipewa na watu. Mafundi wengi wa injini hutumia bisibisi namna ile, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, ili wasikie kinachosumbua ndani bila kufungua kitu. Lakini huyu alikuwa balaa. Aliweza kukaa upande wa pili wa ukuta, kikombe cha chai mkononi, akakwambia vali ipi imelegea. Watu walimletea jenereta kutoka mbali asizitengeneze, azisikilize tu.

Ujeuri nao hakuukosa. Karakana yake ilikuwa ya mabati juu na pembeni, kila mlio ukigonga ukuta unarudi na wenzake. Mafundi wenzake walipojiziba masikio kwa vitambaa, aliwacheka. "Mshonaji anafumba macho akishona?" aliwauliza, na mumewe, ambaye ni mshonaji kweli, akabaki anatikisa kichwa. Miaka nenda, miaka rudi. Mpaka, siku chache kabla ya kuitwa tanurini, ikaja jenereta moja kubwa ambayo bomba lake la kupunguza kelele lilikuwa limeoza lote. Aliiwasha ndani, mlango umeachwa upenyo tu kwa sababu ya vumbi, akaiinamia hadi mchana ili aisikie vizuri. Alitoka humo masikio yameziba na mluzi unalia. Utaisha tu, akajiambia. Hakumwambia mtu.

Baada ya aibu ya tanurini, aliiosha ile bisibisi kwa sabuni, akaifutafuta, akaitupia kwenye droo ya vijiko.

"Mama watoto," mumewe akaita kutoka jikoni kesho yake, "hii nayo tunakorogea chai?"

Mkewe hakucheka. Alikuwa amejaza pamba masikioni, amefunga madirisha, hataki redio wala mazungumzo. Aliamini kimya kitamponya, kumbe kadiri nyumba ilivyonyamaza ndivyo mluzi ulivyotamba. Hasira zikampanda mpaka akawa anagombana na birika. Wateja wakapungua, kisha wakakatika. Usiku halali, mchana amechoka. Na aliogopa, tuseme ukweli, aliogopa sana. Hakuwa na kazi nyingine, na hata angeipata asingeipenda.

Mwishowe mumewe alimkokota hospitali, kwenye kitengo cha masikio. Muuguzi aliyewapokea alikuwa kijana mpole mwenye koti lililomzidi mabega. Alimpima kwa vifaa vyake, kisha akatoa chuma chenye meno mawili mfano wa uma, akakigonga gotini kikaanza kuvuma, akaliweka shina lake kwenye mfupa nyuma ya sikio la mama huyu.

Fundi Sikio aliruka kwenye kiti!

"Bisibisi!" akapiga kelele. "Mwanangu, hiyo ni bisibisi!"

Kijana alirudi nyuma akidhani amemuumiza. Mumewe ndiye aliyejaribu kumfafanulia, lakini kicheko kilimkaba, ikabidi asubiriwe.

Muuguzi hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama, kelele zimeumiza vitu vidogo sana ndani ya sikio. Siwezi kukuahidi vitarudi, na kidonge cha kuufuta huo mluzi sina. Ila ubongo wako unaweza kuuzoea mpaka uache kuujali. Watu wengi wanafika huko, lakini inachukua muda mrefu." Akamwambia atoe pamba akiwa nyumbani, asikae kwenye kimya kitupu, wakati wa kulala awe na sauti ndogo ya kubembeleza. Na penye mashine, avae vizibo vya masikio. Kila mara, bila visingizio.

"Na bisibisi yangu?" akauliza.

Kijana alifikiri. "Sikio likizibwa, mfupa bado unapitisha sauti, si umesikia mwenyewe? Tulia kwanza. Siku ukiwa tayari, ziba masikio, uiweke hapo nyuma, na mara moja moja tu."

Basi ikaanza kazi ya kutafuta sauti ya kubembeleza. Walijaribu redio, lakini mtangazaji alisema jambo la kipuuzi na mama akakaa kitandani kumjibu. Walijaribu feni, nayo ikawa na mlio wa kukwaruza, akaamka kuitia grisi. Iliyobaki nyumba nzima bila kasoro ilikuwa cherehani ya mumewe. Mzee akaihamishia chumbani, na tangu hapo ikawa kila wanapokwenda kulala anakaa pale anakanyaga pedali taratibu, bila uzi, bila kitambaa, mpaka mkewe apitiwe na usingizi. Mchana anawashonea watu suruali, wakati wa kulala anashona hewa.

Miezi ikapita, hakuna la maana. Kisha siku moja alikuwa anachagua mchele, mawazo yako kwenye mawe na pumba, akashtuka. Mluzi haukuwepo! Hakujua ulinyamaza saa ngapi. Aliutupa ungo, mchele ukatapakaa, akatimka hadi barazani.

"Baba watoto! Nimeusahau! Nimeusahau kabisa!"

Na kwa kutamka hivyo akaukumbuka, nao ukarudi palepale, pii. Alisimama mdomo wazi. Mumewe akaanza kucheka, naye akaanza, wakacheka mpaka mbavu zikauma, kisha wakapiga magoti wote wawili kuokota mchele. Lakini moyo ulikuwa unamrukaruka kifuani. Ukisahaulika mara moja, unasahaulika tena!

Ikawa kweli, ingawa kwa mwendo wa kobe. Kuna wiki nzuri, na kuna siku mluzi ulimvamia kama mgeni asiyepiga hodi. Aliirudia karakana, akatoboa madirisha mawili makubwa kwenye yale mabati, akavaa vizibo vya sponji vya rangi ya chungwa. Mtaa ukamwita Mama Karoti. Alibadilisha oili, alisafisha vichungi, alifanya kazi ya jicho na mkono. Lakini mteja akisema, "Fundi, hebu isikilize," alimwelekeza kwa fundi mwingine, na kila alipofanya hivyo alihisi kama amempa mtu mtoto wake. Bisibisi ilibaki na vijiko. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba akiishika tena atausikia mluzi wake ndani ya kila injini, maisha yake yote.

Aliyekuja kumtoa huko hakumtarajia hata kidogo. Miaka kadhaa ilikuwa imekwisha, na mlangoni alisimama Mama Mikate, unga hadi kwenye nyusi.

"Jenereta yangu inatetemeka," akasema. "Twende."

"Dada, baada ya yale?"

"Nani mwingine anayelijua tumbo lake? Umelifungua mara mbili siku moja! Twende, kinyunya kinaumuka."

Mume wa fundi alikuwa amemletea mkewe chakula, akakitua chini. Alikimbia nyumbani, akarudi akihema, bisibisi mkononi.

Tanurini, Fundi Sikio alipiga magoti palepale pa siku ile. Akasukuma vizibo masikioni, akasema jenereta izimwe. Ikazimwa. Akaweka ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho.

Mama Mikate akashika kiuno. Akamsogelea na kupaza sauti ili vizibo visimzuie. "Fundi! Umeanza tena? Mbona unasikiliza mashine iliyozimwa?"

"Nausikiliza mluzi wangu," akajibu bila kufumbua macho. "Nataka nijue leo umesimama wapi. Ukishawasha, chochote kitakachozidi hapo ni chako."

Mluzi ulikuwepo, mwembamba, wa juu, anaujua kama anavyojua sauti ya jirani. "Haya, washa."

Mngurumo ukapanda kwenye mpini. Juu kabisa, mluzi wake, haujasogea. Chini yake, pistoni zinakwenda sawa. Na chini zaidi, mkwaruzo mdogo mkavu, unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka. Ule haukuwa wake! Moyo ulimdunda mpaka akaogopa utamharibia usikivu.

"Zima! Beringi ya nyuma!"

"Neno hilohilo alilisema mwaka ule," Mama Mikate akamnong'oneza mume wa fundi.

Alifungua. Nati moja ilimponyoka ikaingia kwenye unga, hakuna aliyejali. Alipoivuta ile beringi ilitoka kavu, gololi zake zimelika. Akaiweka kwenye kiganja cheupe cha Mama Mikate.

"Izungushe."

Mama Mikate akaizungusha. Ikakwaruza, wote watatu wakaisikia. Akatoa kigelegele kilichomwamsha paka, na Fundi Sikio, mikono imejaa grisi, akamkumbatia hivyohivyo, aproni nyeupe ikaharibika. Analia, anacheka, anasema, "Nasikia! Nasikia bado!"

Mkate ulipatikana siku hiyo, wa moto, na walipewa wa bure wakala njiani.

Wakati wa kulala ulipofika, mumewe alivuta kiti, akaweka mguu kwenye pedali kama kawaida.

"Baba watoto," mkewe akamwambia kutoka kitandani, "leo tia uzi. Suruali za watu zimelala hapo wiki nzima."

"Na usingizi wako?"

"Tia uzi, baba."

Mzee akachukua uzi, akalenga tundu la sindano, akakosa. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akalenga tena, akakosa tena. Alipofanikiwa kuupitisha aligeuka kumwambia. Mkewe alikuwa ameshalala, na cherehani ilikuwa bado haijalia.