Funga, Alisema Kutoka Chini ya Basi

Mimi na mume wangu tumezeekea katika Kiswahili. Yeye ni Mjaluo wa Karungu, mimi ni Mkuria wa Isebania, na siku tulipofunga ndoa kila mmoja alijua salamu tu katika lugha ya mwenzake. Tukakutana katikati, kwenye lugha ya sokoni. Tumelea watoto kwa Kiswahili, tumeomba kwa Kiswahili, na tunapogombana wote wawili tunakosea ngeli. Akitaka kunichokoza ananiita Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Nami namwita Jakarungu, kama wanavyoitwa watu wa kwao.

Alipostaafu ualimu alinunua basi kuukuu la shule. Watoto wetu walifikiri amechanganyikiwa. Lakini yeye ni mhubiri wa kujitolea, na alikuwa ameona makanisa madogo ya huku kwetu yakikaa miezi bila mtu wa kuyatembelea. Aling'oa viti, akaweka kitanda, meza, jiko la gesi na sinki. Nyuma kabisa, juu ya kigoda cha chuma, akaweka tangi jeusi la maji. Paipu ilitoka chini ya tangi, ikapita kwenye tundu la sakafu, ikatambaa chini ya basi hadi mbele, halafu ikapanda kwenye sinki. Tangu hapo tunaishi humo. Tunakaa na kanisa moja juma zima, tunasogea kwenye jingine. Basi bado ni la manjano, na watoto wa kando ya barabara hulikimbilia wakidhani limekuja kuwapeleka shule.

Namshukuru Mungu kwa maisha hayo. Lakini nitaeleza siku niliyoogopa kuliko siku zote alizonipa.

Tulikuwa tumetoka Magunga asubuhi, tukielekea kanisa moja upande wa mbuga ya Ruma. Ilikuwa siku yangu ya kufunga na kuomba, kwa hiyo sikuwa nimeonja hata chai. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa kule ni ule mweusi unaonata kama ugali mbichi. Jiwe liligonga kitu chini ya basi, tukasikia maji yakimwagika. Mume wangu alipoegesha ili atazame, tairi la nyuma likateleza nje ya murramu, ile changarawe ya barabara, na kuzama. Basi likainama.

Alichungulia, akarudi akijifuta magoti. "Kiwiko cha paipu kimepasuka, na koki ya tangi haishiki. Tukingoja mtu wa kutuvuta, maji yote yataishia hapa."

"Yaache yaishe," nikasema. "Basi limeinama, mzee."

"Na huko tunakoenda tutaoga nini? Mbung'o?"

Mbung'o walikuwepo kweli. Kwenye uzio wa mbuga vilining'inia vitambaa vya buluu vya kuwatega, na wale waliokosa kunaswa walikuja kutuuma shingoni. Kando ya barabara hapakuwa na nyumba wala mtu.

Kwa kuwa basi lilikuwa limelala chini, hakuweza kupenya. Akaweka kipande cha ubao juu ya udongo, akaweka jeki juu ya ubao, akainua nyuma hadi mwili wake ukapita. Akaweka mawe mbele ya matairi. Mimi aliniambia nikae ndani, kando ya tangi, penye koki. Ile koki ilikuwa ya plastiki na ilikuwa imelegea. Basi likitikisika, au mtu akigonga paipu, mkono wake ulijifungua wenyewe. Kwa hiyo mume wangu alikuwa na ukanda wa blada, ule mpira wa ndani wa tairi, aliouzungusha kwenye mkono wa koki ili usicheze. Kazi hiyo aliifanya yeye siku zote. Siku hiyo ukanda ulikuwa kwenye msumari, juu ya kichwa changu.

Nikaizungusha koki mpaka ikagota. Chini nikasikia msumeno ukikata paipu iliyopasuka.

"Funga," akasema kutoka chini.

"Nimefunga."

Msumeno ukaendelea, kisha ukatulia. "Nyar Kuria, maji yananidondokea usoni. Funga."

Nikajaribu tena. Haikusogea. Nikamwambia imefika mwisho.

"Si umefunga? Mbona inacheza? Funga vizuri, mama, kaza."

Basi mimi nikachukua plaizi kwenye sanduku lake, nikashika mkono wa koki, nikakaza kwa nguvu zote za mtu ambaye hajala. Ikakatika shingoni. Ikabaki kwenye plaizi kama kichwa cha kuku.

Maji yalinipiga kifuani. Tangi bado lilikuwa na maji mengi. Yakafurika sakafuni na kushuka kwenye lile tundu, kule kule alikolala. Nikasikia akikohoa. Kisha nikasikia mlio ambao sikuujua, chuma kikisugua chuma polepole, na sakafu ikashuka chini ya miguu yangu. Sahani zikateleza mezani.

Jeki ilikuwa imezama upande.

Niliita. Hakujibu. Nilibandika kiganja changu juu ya tundu la tangi, maji yakapungua, yakawa yanapenya kati ya vidole tu. Niliita tena.

"Niko hapa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayebana pumzi. "Usitoe mkono."

"Umeumia?"

"Chuma kimenigusa kifua. Kimegusa tu. Lakini siwezi kutoka." Akapumzika. "Maji yakiendelea kumwagika, tairi litazama zaidi. Unanielewa? Usitoe mkono."

Nilielewa. Nikiutoa mkono nimkimbilie, maji yatalainisha udongo na basi litamlalia. Nikiuacha pale, mume wangu yuko peke yake chini, nami nimeketi ndani kama mwenye kulinda tangi. Nilitaka kuomba. Mimi niliyefundisha katekisimu miaka yote ile, sikupata neno hata moja ila "Bwana," nikalirudia, na hata hilo sikujua kama namwita Mungu au namwita yeye. Mkono ulianza kufa ganzi. Maji ya tangi ni baridi kuliko mtu anavyodhani.

Karibu na jiko palikuwa na kikapu cha magunzi ya mahindi, ninayowashia moto tunapopika nje. Kwetu gunzi ndilo kizibo cha kibuyu na cha mtungi wa mafuta. Mama yangu hakujua kizibo kingine. Nikanyoosha mguu, nikakivuta kikapu kwa kidole gumba, kikaanguka, gunzi moja likabingirika mpaka kwenye goti langu. Nikavua kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja, nikalivika gunzi kitambaa. Nilipotoa kiganja maji yaliruka tena, na chini nikamsikia akisema, "Mama, mama," kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu kabla wala baada ya siku ile. Nikalisukuma gunzi tunduni, nikaligonga kwa plaizi. Likaingia nusu. Nikauchukua ule ukanda wa blada msumarini, nikaupitisha juu ya gunzi, nikauzungusha kwenye miguu ya kigoda, nikafunga fundo juu ya fundo. Maji yakawa machozi tu.

Nikatoka. Nje niliona viatu vyake viwili, visigino vikiwa vimechimba tope. Nililala kifudifudi. Uso wake ulikuwa umegeukia upande wangu, umejaa matope, macho yakiwa wazi.

"Umefunga?" akauliza.

"Nimefunga kwa gunzi."

"Na ile blada?"

"Na blada."

Akafumba macho. "Hiyo ndiyo nilikuwa nataka tangu mwanzo."

Kati ya kifua chake na chuma haungeingia hata mkono wangu ulionyooshwa bapa. Nilichukua jembe, nikaanza kuchimba tope ubavuni mwake, nikiogopa kumkata, nikiogopa kuligusa tairi, nikiogopa kupumua karibu na basi. Udongo ule uliomzamisha ulikuwa umelainika; ulitoka vipande vipande kana kwamba ulitaka kunisaidia sasa. Lakini nilikuwa mwanamke mzee mwenye njaa, na kila nilipochimba tope jingine lilirudi.

Pikipiki ikatokea upande wa Magunga. Nilisimama katikati ya barabara na jembe mkononi, bila kitambaa kichwani, kama mwendawazimu. Nyuma ya dereva alikaa mama mmoja mnene mwenye gunia la omena, dagaa wa ziwani.

"Dana, unatupiga ama unatusalimu?" mama akauliza, akiniita bibi yake. Kisha akaona viatu. Akashuka bila kungoja pikipiki isimame.

Dereva akakimbilia miguu ya mume wangu. "Tumvute!"

"Usimvute," nikasema. "Chuma kiko kifuani."

"Wewe mtu, unafikiri ni samaki?" mama wa omena akamkemea. "Leta mawe. Mawe bapa, si hayo ya kuchezea."

Dereva akaichomoa jeki iliyokuwa imelala bila kubeba kitu, akachimba pale pale, akapanga mawe bapa, akaweka ubao juu yake na jeki juu ya ubao. Mimi niliendelea upande wa mbavu. Yule mama alichuchumaa kichwani pa mume wangu, akimwondolea mbung'o usoni kwa kanga yake, akimsemesha Kidholuo bila kunyamaza. Sikuelewa yote. Nilimsikia akiuliza amelalaje chini ya gari na kitanda kinaonekana ndani, au mke amemfukuza. Nikamsikia mume wangu akijaribu kucheka na kushindwa, kwa sababu kucheka kunahitaji kifua. Hapo nikaogopa upya.

Jeki ikaanza kupanda. Basi lilinung'unika, likainuka upana wa kidole, kisha viwili. Nikamshika kwapani, mama wa omena akashika kwapa jingine, mume wangu akatoka mgongo mgongo kama ndama anayezaliwa. Tulimburuta mpaka kwenye murramu. Alikuwa na alama nyekundu kifuani iliyonyooka kama mstari wa rula. Alivuta pumzi ndefu, na mimi nikakaa chini kando yake.

Mama wa omena akasema, "Mshukuruni Mungu, halafu mtafute fundi."

Tulimshukuru, wote wanne, pale pale barabarani. Dereva hakuvua kofia ya pikipiki.

Baadaye, tumekaa kwenye ngazi ya basi tukingoja trekta, mume wangu aliniambia kwamba kwa Kidholuo kufunga mlango ni neno moja na kufunga kamba ni neno jingine. Kichwani alikuwa amesema la kamba. Mdomoni likatoka lile la Kiswahili linalobeba yote mawili. "Wewe ukafunga tumbo, ukafunga koki ikavunjika," akasema, "kamba tu ndiyo hukufunga." Nikamwambia Jakarungu, nyamaza, na nikalia.

Siku hizi akitaka kamba anasema twe. Koki ni ya shaba, na jeki inakaa juu ya bamba la chuma. Bado anaingia chini ya basi, kwa kuwa paipu zinapasuka na barabara ni zile zile. Sijaweza kumzuia, ila nimemwekea sharti: akiwa chini, aimbe. Haimbi vizuri. Mimi nakaa kando ya tangi, nimeushika ukanda wa blada, namsikiliza. Na kati ya ubeti na ubeti, anaponyamaza ili avute pumzi, mimi sivuti yangu.