Niliagiza picha ya mama kwa msanii wa mtandaoni, nikagundua sura yake siikumbuki

Wakuu, salaam kwenu, na shikamoo kwa walionizidi umri.

Hiki ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Same. Sijaongeza chumvi, majina tu ndiyo nimebadilisha. Ni kirefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mwanamke, nina duka la madaftari na vifaa vya shule hapa mjini. Kwetu hasa ni Vudee, kule juu kwenye milima ya Upare. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, nitamwita Mbonea.

Mama yetu alifariki Mbonea akiwa bado ananyonya. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza shule. Baada ya msiba shangazi akamchukua mtoto, akaenda kumlelea Morogoro. Mimi nikabaki mlimani na baba.

Picha ya mama ilikuwepo moja, ya siku ya ndoa kanisani. Ilikaa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda cha baba. Mchwa wakaingia, wakala sanduku, wakala vitenge, wakala na picha. Tulikuja kukuta udongo tu.

Sasa Mbonea alipopata mchumba, akanipigia simu. Akasema harusi ifanyike Same ili baba asisafiri mbali, na pale ukumbini anataka kiti cha mama kiwepo, na picha yake iwe juu ya kiti.

Nikamkumbusha kwamba picha hakuna.

Akasema, "Dada, wewe si unamkumbuka? Tafuta mtu amchore."

Nikakubali hapo hapo. Na kwa kweli nilijua namkumbuka. Tangu Mbonea akiwa mdogo, kila tukiongea kwenye simu alikuwa ananiuliza mama alikuwaje, na mimi namsimulia. Alikuwa mpole. Alikuwa mweusi wa kuteleza. Alikuwa anaimba akichambua mboga.

Kabla hamjaniuliza kwa nini sikutumia AI: nilijaribu. Iliniletea mwanamke mwenye meno ya tangazo la dawa ya meno, shingoni ana shanga ambazo mama yangu hakuwahi kuziona maishani. Nikaifuta.

Nikaingia Instagram kutafuta wasanii wanaochora kwa order. Wapo wengi, na wengi wanataka uwatumie picha iliyochakaa waifanyie ukarabati. Ukiwaambia huna picha kabisa, wanapotea. Mmoja tu ndiye aliyebaki kwenye maongezi, binti wa Mbeya, anachora kwa mkaa na penseli. Nitamwita Doreen.

Doreen aliniambia ukweli mapema. Akasema ataweza kuchora sura, ila sura ya mama yangu inatoka kwangu, siyo kwake. Akaomba picha zangu, za Mbonea, na za ndugu wowote upande wa mama. Nikamtumia zetu wawili, za upande wa mama sikuwa nazo. Nikalipa advance. (Najua mtasema Mpare, na ubahili tunaosifika nao, kutanguliza hela kwa mtu asiyemjua ni muujiza. Chekeni tu, mimi mwenyewe nilishangaa.)

Baada ya muda akanitumia sketch ya kwanza WhatsApp. Mwanamke mzuri, kilemba kichwani, anaangalia mbele.

Akauliza, "Dada, ndiye? Niambie pa kurekebisha."

Nikaangalia ile sura. Nikaikuza. Nikaiangalia tena.

Nikamjibu kwamba labda pua iwe pana kidogo. Akairekebisha, akanitumia. Nikaona nayo inaweza kuwa ndiyo. Akanitumia ya tatu, mashavu yameingia ndani kidogo. Nayo nikaona inaweza kuwa ndiyo.

Halafu akatuma voice note, akaniuliza kitu ambacho sijakisahau mpaka leo. Alitaka kujua mama akiitwa alikuwa anageukaje.

Wakuu, nilikaa dukani na simu mkononi, mteja anaita "dada, dada, nipe kalamu", mimi simsikii.

Kwa sababu nilikuwa natafuta kichwani, na hakukuwa na uso.

Nilikuwa na mikono yake. Nilikuwa na harufu ya moshi kwenye kanga. Nilikuwa na shingo yake kwa nyuma, kwa sababu nilibebwa mgongoni sana kabla Mbonea hajazaliwa. Lakini uso, hakuna. Sijui uliondoka lini. Miaka yote hiyo namsimulia mdogo wangu, nilidhani nasimulia ninachokiona.

Nilifunga duka mapema nikaenda nyumbani kulala mchana kweupe. Sikulia kwenye mazishi, nilikuwa mdogo sielewi. Siku hiyo ndiyo nililia msiba.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa baba peke yake. Upande wa mama wamekwisha, na shangazi naye ametangulia.

Tatizo ni kwamba baba hamzungumzii mama. Hajawahi kuoa tena, na ukimtaja marehemu, ananyanyuka anaenda kuangalia ng'ombe. Nilikua hivyo, nikajifunza kutouliza.

Nikapanda Vudee Jumamosi. Nikamkuta uani anapukuchua maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia kuna makande ndani. Nikala kwanza. Halafu nikamweleza yote, harusi, kiti, msanii, nikamfungulia ile sketch.

Baba hakuipokea simu. Alinyanyuka. Nikajua ndiyo yale yale, ng'ombe.

Kumbe alikwenda kunawa mikono. Akarudi, akajifuta kwenye koti, ndipo akaishika.

Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Siye."

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Huyu anaangalia mbele. Mama yenu sikio la kulia lilikuwa halisikii. Ukimwita, alikuwa anageuza uso wote, anakuletea sikio la kushoto."

Mimi nina watoto wakubwa sasa, na hiyo ndiyo siku nilijua mama yangu alikuwa na sikio bovu.

Kwa baba mtandao unapatikana ukisogea hadi kwenye ukingo wa shamba, karibu na mti wa mwisho wa kahawa. Tukaenda pale, nikampigia Doreen, nikaweka loudspeaker. Yule binti akamwamkia vizuri, akamwomba amsimulie mama taratibu, asiharakishe.

Na baba akasimulia. Kovu kwenye nyusi ya kushoto, alipigwa na tawi akiwa msichana. Paji la uso pana. Mdomo wa juu mwembamba. Alivyokuwa akicheka anaangalia chini kama ameona aibu. Alivyokonda mwishoni, na akasema hataki achorwe akiwa amekonda.

Mimi nilikaa kwenye majani pembeni. Nikajifunza habari za mama yangu kwa kusikiliza baba akimwambia mtu baki.

Doreen alianza upya. Hakuniuliza mimi tena. Kila sketch alinitumia nipeleke kwa baba, na nilipanda nayo, mpaka ile siku baba alipoitazama akanirudishia simu bila kusema "siye", akaingia ndani. Hakwenda kwa ng'ombe. Nikamwandikia Doreen kwamba amemaliza.

Picha ilikuja na basi, imefungwa kwa boksi na blanketi. Mbonea alifika kesho yake kwa ajili ya harusi, tukaifungua pamoja sebuleni kwangu.

Mwanamke amegeuza uso, kama umemwita na anajaribu kukusikia.

Mbonea akaangalia. Nilikuwa nasubiri afurahi au alie. Mwisho akasema, taratibu kabisa, "Dada, nilidhani nikimwona nitamjua."

Nikamshika bega. Hata mimi nilikuwa namwona mgeni.

Harusi ilifanyika, na kiti kiliwekwa. Watu walisifu picha, walipiga nayo selfie. Mbonea alicheza, alikata keki, alitabasamu kila alipotakiwa. Lakini nilimwona, hakugeuka upande wa kile kiti hata mara moja.

Baada ya harusi tukapanda wote Vudee kumrudisha baba na picha yake. Aliitundika mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Halafu akasimama mbele yake, upande wa lile sikio zima, akaanza kuongea. Kwa Kipare, polepole, kama mtu anayetoa taarifa.

Mbonea amekulia Morogoro. Kipare hasikii hata kidogo.

Akanivuta mkono, akauliza kwa kunong'ona, "Anasema nini?"

Nikamwambia, "Anakutambulisha. Anamwambia huyu ndiye yule mtoto uliyeniachia. Amekua. Jana ameoa."

Mbonea akatoka nje. Nilimwacha. Kuna kulia kwingine mtu anatakiwa alie mwenyewe.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Msanii mzuri mtandaoni yupo, na Doreen nitamsifu mpaka nife. Lakini msanii hawezi kukurudishia uso ambao hukuwa nao. Anamrudishia yule aliyekuwa nao, na kama huyo naye ameshaondoka, basi imekwisha. Kwa hiyo kama kuna mzee kwenu bado yupo, usimwogope kwa sababu ya ukimya wake. Muulize. Pengine anasubiri aulizwe na mtu yeyote tu.

Baba bado yupo, ila macho yameanza kumsumbua. Mbonea ameanza kumpigia kila Jumapili.

Kama kuna aliyewahi kuagiza picha ya mtu wake asiyemkumbuka, naomba aniambie hapa chini. Ulipoifungua, ulimwona nani?