Magurudumu ya Pikipiki ya Mikate

Mume wangu ni fundi wa majokofu, na kazini ni mtu mpole mpaka unamwonea huruma. Anaongea na friji la mteja kama anambembeleza mtoto anywe dawa. Lakini ikifika Jumapili ya mashindano, akishalivaa lile jaketi la ngozi linalomkaba tumbo, mimi simjui. Mtu mzima, ana kitambi, ana goti linalolia akipanda ngazi, na bado anashindana kwa pikipiki na vijana waliozaliwa sisi tumeshaoana. Sikio la kufa halisikii dawa. Nimesema mpaka nimechoka.

Mwaka jana gurudumu la mbele lilimvunjikia kwenye kona. Si tairi, jamani, tairi ingekuwa afadhali. Rimu yenyewe ilijikunja, spoki zikakatika, shokapu za mbele zikapinda, na baba watoto akaruka juu ya usukani. Mimi nilikuwa nimesimama palepale kwenye uzio. Nilimwona akiwa hewani. Alivunjika mfupa wa bega na mbavu, nikamlisha uji kwa kijiko kama mtoto mchanga, na tangu siku hiyo nikisikia tu pikipiki inapunguza gia huko barabarani, naacha ninachofanya na kutoka nje kuangalia.

Alipopona akaanza kuzunguka-zunguka karakana, anapiga miluzi. Nikajua. Nikamwambia, "Sikukatazi, maana nikikukataza utakwenda kwa siri. Lakini juu ya magurudumu yale hutapanda tena, hata ukiyanyoosha vipi. Tafuta yatakayokubeba. Usipoyapata, pikipiki hii inauzwa."

"Unanitisha, mama watoto?"

"Ndiyo, nakutisha."

Basi, ingekuwa ni kuingia dukani na kununua, tungemaliza siku hiyohiyo. Shida ni klabu yao. Ni klabu ya pikipiki za zamani, na wamejiwekea kanuni ili mwenye mfuko mnene asije akanunua ushindi. Magurudumu na shokapu za mbele lazima zitoke kiwanda kilekile kilichotengeneza pikipiki yako, ziwe za miaka ileile au za nyuma zaidi, na rimu isibadilike ukubwa. Mafuta na springi za ndani ya shokapu badilisha upendavyo. Kwa nje, usiguse. Anayelinda kanuni hizo ni mshona suti mmoja wanayemwita Rula, ambaye hata kwenye mashindano anatembea na futi kamba shingoni. Huyo hapokei soda ya mtu.

Mume wangu akaanza na tamaa. Rafiki yake mmoja akamwazima shokapu nene za rangi ya dhahabu na magurudumu ya kipande kimoja, yasiyo na spoki, yanang'aa kweli. Mimi nilizipenda. Nilizipiga ngumi, nikazitikisa, nikasema hapa sawa, mtoto wa watu atarudi mzima. Tukampelekea Rula azione kabla hatujazifunga. Hata kuinama hakuinama.

"Shemeji," akaniambia mimi, maana aliniona ndiye mwenye furaha, "hizi ni nzuri sana. Zirudisheni zilikotoka."

"Lakini ni imara!" nikamwambia. "Zile mnazoziruhusu ndizo zilizomvunja mbavu!"

"Najua, shemeji. Nami nilikuwepo. Lakini nikiziruhusu kwake, kesho kila mtu ataleta za kwake, na mwendo utaongezeka kwa wote. Wataanguka wengi."

Nilimkasirikia Rula njia nzima. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Tukahangaika. Tukazunguka kwa mafundi, kwenye vyuma chakavu, kwa wajane wenye pikipiki zilizolala stoo. Magurudumu ya aina ya pikipiki yake yote yalikuwa hali moja: rimu nyembamba, spoki zimeliwa na kutu. Siku moja nikamkuta karakana anainyoosha ile rimu iliyomwangusha, anaigonga polepole kwa nyundo ya mbao, ananikwepa macho. Nikajua nikigeuka tu ataifunga, na atapanda.

Nikakaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, nikamtazama akigonga. Ndipo nikasema, "Hivi pikipiki ya mikate ilikuwa ya kiwanda gani?"

Akaacha kugonga.

Kabla sijafungua saluni, nilikuwa napeleka mikate madukani kwa pikipiki ya mizigo. Makreti mbele, makreti nyuma, mimi katikati sionekani. Nilipita kwenye mashimo ya kumeza mbuzi, na magurudumu yale hayakuwahi hata kunung'unika. Nembo kwenye tangi ilikuwa ileile iliyo kwenye pikipiki ya mume wangu, ila hakuna mtu wa mashindano aliyewahi kuiangalia mara mbili. Ilikuwa mbaya, masikini, hakuna anayebisha.

"Mama watoto," akasema, "ile ni pikipiki ya mizigo!"

"Na wewe umejiangalia?"

Kesho yake tulikuwa kwa mama mwenye bekari. Pikipiki ilikuwepo bado, nyuma ya magunia ya unga, nyeupe kuanzia usukani mpaka tairi. Mama akasema chukueni hiyo miguu ya mbele na magurudumu yote, mradi fundi anitengenezee jokofu la hamira. Likatengenezwa kabla ya jua kuzama.

Shokapu zile zilikuwa nene na ngumu ajabu, zimetengenezwa kubeba shehena. Mume wangu akatia springi laini na mafuta mepesi, kama kanuni inavyoruhusu, akazikandamiza mpaka zikawa zinashuka na kupanda bila kurusha. Rimu ukubwa ni uleule, ila chuma ni kizito na spoki nene kama penseli. Alipofika uwanjani, unga wa bekari bado umeganda kwenye spoki, wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mzee, umeleta mikate mingapi? Nipe miwili ya siagi!"

Rula hakucheka. Akapiga magoti, akafuta vumbi kwenye nembo ya shokapu, akasoma mwaka uliogongwa kwenye chuma. Akazungusha futi kamba yake kwenye rimu. Akaizungusha tena mara ya pili, mimi nimeshika uzio. Sikuwa naomba ushindi. Nilikuwa naomba tu asiseme zirudisheni, kwa sababu kule karakana ile rimu iliyonyooshwa ilikuwa bado ipo.

"Ya miaka ya nyuma zaidi," akasema, akachora alama ya chaki kwenye tangi. "Inaruhusiwa."

Nilimkumbatia na futi kamba yake.

Mashindano yalianza, na mimi sikufumba macho wala nini. Walikuwa katikati ya mbio pale kijana wa mbele yake alipoteleza. Pikipiki ikalala njiani, na mume wangu hakuwa na pa kupita ila nje. Nikamwona anatoka, anapita kwenye nyasi, halafu gurudumu la mbele likajipiga kwenye ukingo wa zege. Kishindo kile nilikisikia kwenye meno. Shokapu zikazama zote, usukani ukatikisika, nikaita jina la mama yangu. Kisha zikainuka. Akapanda ukingo, akarudi barabarani, akaendelea kama mtu aliyevuka kizingiti cha mlango. Hata yule kijana aliinuka akajipangusa.

Alipomaliza sikumwendea yeye kwanza. Nilikwenda kwenye gurudumu. Nikamwambia ainue pua ya pikipiki, nikalizungusha kwa mkono, nikatazama pembeni. Lilizunguka limenyooka, spoki zote zipo, halikuyumba hata kidogo. Machozi yakanitoka palepale mbele za watu, sikuyafuta. Mzigo niliobeba mwaka mzima uliniteremka mabegani, nikabaki mwepesi.

Yeye akavua helmeti. "Umekuwa wa ngapi?" nikamwuliza.

"Wa saba."

"Wa saba! Gurudumu zima, shokapu nzima, njia nyeupe, na wewe unapunguza mafuta kwenye kona ya mwisho? Yule wa jaketi la kijani ulimwachia njia kwa nini? Si ulikuwa umeshamkamata?"

Akajifuta jasho kwa mkono wa jaketi.

"Mama watoto, ni wewe unayesema hivyo?"

"Ni mimi. Na siku nyingine ukienda mwendo wa kobe namna ile, shuka, nitapanda mwenyewe."