Mushuko wa Koko Godelieve

Koko Godelieve wa mjini Baraka alikuwa bibi wa wajukuu tisa, na wanane kati yao alikuwa amewabeba, amewaogesha na kuwachapa kila mmoja kwa zamu yake. Wa tisa hakuwahi hata kumnusa. Alikuwa mtoto wa kike wa miezi minane, jina lake Félicité, na alikaa Swima, mwendo ambao zamani Koko aliutembea kwa mguu huku akisuka mkeka, na akifika mkeka umekwisha. Lakini huo ulikuwa mwaka wa nne wa vita ya pili ya hapa kwetu. Barabara ya kando ya ziwa ilikuwa ya wenye bunduki, leo hawa, kesho wale, na katikati yake nyasi zilikuwa zimeota ndefu mpaka ng'ombe wa Bibokoboko angeweza kupotea humo na kuzaa mara mbili kabla ya kuonekana.

Kulikuwa na kizuizi kingine, hicho hakina bunduki. Binti yake Ketsia aliolewa katikati ya kukimbia, porini upande wa Kilembwe. Kwa ukoo wa Koko, mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja, mpaka mkwe atoe kuku mbele ya shahidi. Huyo kuku ndiye anayefungua haya, ile aibu kati yao. Sasa mwaka wa ndoa ile wenye bunduki walikuwa wamekula kuku wote, mpaka na yai ambalo kuku alikuwa bado analifikiria. Ndoa ikafungwa, na haya ikabaki imefungwa vilevile. Koko hakuweza kwenda kukaa nyumbani kwa mkwe. Alichoweza ni kupita tu.

Ndiyo maana aliposikia boti ya Norbert inaenda Uvira, alichukua bidoni mbili za mafuta ya mawese alizoahidi kumpelekea dada yake Suzanne huko, akashuka ufukoni.

Norbert alikuwa na sheria yake. Boti ilisimama mara tatu njiani: Lusenda, Swima na Mboko. Kila msafiri alichagua mahali pamoja tu pa kushuka, nusu saa, anunue chake au asalimie wake, kisha arudi. Wengine walibaki ndani na moteri inanguruma, ili risasi ikilia boti iondoke bila kutafutana. Kushuka huko alikuita mushuko.

"Muntu moja, mushuko moja," alisema, daftari mkononi. "Padri mumoja muzee aliniambia, kule kwabo Ulaya kuko mameli ya mutoni yenye vitanda. Kila mangaribi banauliza batu: kesho utashuka wapi, kuona kanisa ao kuonja divai? Kila muntu anachagua yake."

"Na kule mutoni kuko bunduki?" akauliza Immaculée, muuza samaki wadogo, ndagala, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wafu wa Fizi nzima.

"Hakuna."

"Sasa banashuka kukimbia nini?"

"Banashuka kuangalia tu."

"Kuangalia tu!" Immaculée akapiga makofi. "Mungu wangu, kuko batu bamepumzika!"

Watu wakacheka, wakaanza kutaja mishuko yao. Koko alikuwa na jibu lake tayari, wiki nzima amelilalia na kuamka nalo: Swima. Alijifunika kichwa kwa kikwembe sababu ya jua, akangoja zamu. Hapo ndipo alipoona shingo mbele yake, watu watatu tu katikati, ya mtu aliyekwisha kuandikwa wakati wa kicheko. Shingo nyembamba, masikio makubwa. Alikuwa Jérémie, mwalimu, mume wa Ketsia, ambaye shule yake ilimtuma Baraka na sasa inamtuma Uvira kutafuta chaki.

Koko aliketi kwa nguvu hivi kwamba, walioona wanasema, maji ya ziwa yalipanda mpaka ng'ambo ya Kigoma. Akageuza mgongo. Akawaza: huyu baba lazima atashuka Swima amsalimie mke wake. Tukishuka wote wawili tutakutana mlangoni, uso kwa uso. Baba ni baba. Mi nitamwona mtoto lini, sijui; ila Swima nimwachie yeye. Basi.

"Koko, unashuka wapi?" Norbert akauliza.

"Lusenda," akasema, kama aliyemeza mwiba wa samaki.

"Lusenda? Wiki muzima umeimba Swima!"

"Andika Lusenda, usinitoboe masikio."

Boti ikaondoka. Ilipofika Lusenda, watu kumi wakaingia majini kuelekea ufukoni. Koko akanyanyua kikwembe, akainua macho aone anamfuata nani. Anamfuata Jérémie.

Sasa ikawa kazi. Soko la Lusenda siku hiyo lilikuwa la mafungu machache ya muhogo na ya sombe, majani yake, mahali pa kujificha ni padogo. Koko akaenda upande wa chumvi, Jérémie akatokea upande wa chumvi. Koko akainama nyuma ya sombe, Jérémie akainama nyuma ya mbuzi, na mbuzi akaondoka. Mwishowe walibaki wamepeana migongo kwenye meza moja ya unga, Koko anaangalia ziwa, mkwe anaangalia mlima, Immaculée, aliyeshuka nao, katikati.

"Muambie huyu muntu," Koko akaliambia ziwa, "kwa nini hakuchagua kwake Swima?"

"Mukwe, unaulizwa..."

"Nimesikia," Jérémie akauambia mlima. "Muambie mama, nilimuona akipanda. Nikasema, hajaona mutoto hata siku moja. Nikamuachia Swima."

"Muambie na mi nilimuachia yeye!"

Immaculée akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Kumbe! Mumeachiana, mumeachiana, mpaka Swima imebaki yatima! Heshima yenu ingekuwa moteri, saa hii tungekuwa Uvira tunakula bukari!" Akacheka mpaka akaketi kwenye unga wa watu.

Koko hakucheka. Nusu saa ilikuwa inakwisha. Boti ingefika Swima, angeona mapaa, labda angesikia mtoto akilia na asijue kama ni wake, kisha boti ingeondoka. Alishika ukingo wa meza. Akauvuta mpaka meza nzima ikalia.

Jérémie hakuwa anamwona, lakini aliisikia ile meza. "Immaculée," akasema, "zunguka soko. Kuko kuku?"

Kuku! Soko zima lilimcheka. Immaculée akarudi na mama mmoja aliyebeba bata dume wa jicho moja na matusi mengi. Jérémie akavua koti lake la mvua, akampa yule mama, akapokea bata.

"Muambie mama, kuku haiko. Kuko bata tu. Kama bata ni matusi, anisamehe."

Koko akafikiri. Wazee wa ukoo walisema mengi kuhusu kuku, lakini kuhusu bata hakukumbuka hata neno moja.

"Immaculée, iko na mabawa?"

"Iko."

"Miguu?"

"Mbili. Lakini inatembea vibaya."

"Na mi natembea vibaya. We ni shahidi. Muambie mukwe wangu nimepokea: hii ni kuku yenye ililelewa mutoni."

Akageuka. Jérémie akageuka pia, macho bado chini, masikio yamewaka. Koko akamwangalia taratibu, kutoka nywele mpaka viatu. Kijana wa watu. Mwembamba, lakini wa kweli.

"Karibu, mutoto wangu."

"Asante, mama."

Wakarudi botini. Walipofika Swima, Koko akasimama wa kwanza.

"Koko, kaa," Norbert akasema. "Mushuko yako ulishaikula Lusenda."

"Mushuko ni ya muntu mwenye kushuka na kurudi?"

"Ndiyo."

"Mi sirudi. Mi nimefika."

"Na Uvira?"

"Uvira haiko na mutoto." Akamgeukia mkwe, sasa bila mpatanishi. "Jérémie! Bidoni za dada yangu utapeleka we. Na akiuliza ulitoa nini, usimuambie ni bata!"

Norbert akakuna kichwa, akapekua daftari, hakuona sheria ya kumzuia. Koko akaruka. Maji yakamfika kiunoni, bata kwapani, kikwembe kinaelea nyuma yake. Ketsia, aliyekuja ufukoni kama wanawake wote boti inapotua, akaingia majini na mtoto mgongoni.

"Mama! Sasa utalala wapi?"

"Kwako. Angalia," akamwinulia bata. "Haya imefunguka."

Ketsia akampungia mume wake aliyesimama botini, anacheka na kulia pamoja, kisha akamfungua mtoto na kumpa mama yake. Félicité akamtazama yule mzee aliyelowa, asiye na meno ya mbele. Akavuta pumzi. Akalia kilio ambacho wavuvi wa Ubwari, ng'ambo kule, walikisikia wakavuta nyavu wakidhani ni dhoruba.

"Hakujui, mama," Ketsia akasema.

"Lia, mama yangu," Koko akamwambia mtoto, akimweka begani. "Lia pole pole. Tuko na siku mingi."