Antena ya Gari la Baba

Miaka tisa antena ya gari la baba yao haikupanda. Ilikwama ndani ya ubavu wa nyuma, karibu na buti, na ukiwasha redio mota yake ilikoroma kidogo halafu kimya. Redio ikabaki kukwaruza. Wakazoea.

Marehemu aliwaachia gari hilo mabinti zake wawili, na kadi ya umiliki ilikuwa na majina yao wote wawili. Walikubaliana halitauzwa mpaka wote waseme ndiyo. Siku za kazi lilikuwa kwa mdogo. Jumamosi na Jumapili lilikuwa kwa mkubwa, mshonaji wa sare za shule ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, maana hakukosa vifungo viwili vitatu mfukoni hata akienda ibadani.

Jumamosi moja aliingia garini akafuate vitambaa. Akawasha redio kwa mazoea tu. Nyuma akasikia mlio laini, kama cherehani iliyotoka kutiwa mafuta, na kwenye kioo akaona fimbo ya chuma ikichomoza pingili baada ya pingili, inang'aa mpya. Mtangazaji akasikika kama amekaa kiti cha pili. Mama Vifungo alicheka peke yake. Akazima redio, fimbo ikazama. Akawasha, ikapanda. Alifanya hivyo mara nne, hadi jirani aliyekuwa akifagia akamuuliza kama gari linampungia yeye mkono au wapita njia.

Ni mdogo wangu, akawaza, Mungu ambariki. Mtu ambaye hata balbu ya sebuleni kwake husubiri mgeni aje kuibadilisha, leo amenikumbuka. Vitambaa akaviacha kwanza, akaenda kumshukuru fundi umeme wa magari aliyezoea kulitengeneza gari lao.

Fundi alikuwa amejipenyeza chini ya dashibodi ya gari jingine, inaonekana miguu tu. Alitoka akijifuta mikono, akaeleza kwa fahari kwamba mota haikuwa imekufa kamwe. Uliokatika ni ule uzi wa plastiki wenye meno unaosukuma fimbo; kipande kikabaki ndani kuzuia kila kitu. Alikitoa, akasafisha, akatia fimbo mpya na uzi wake.

"Na mnunuzi wenu anachagua kweli, mama," alisema. "Aliniambia mbele ya mdogo wako, antena isipopanda gari hachukui. Jumatatu akija hana neno tena."

Mama Vifungo alisema asante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Fundi alipomtazama usoni akaanza kutafuta bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi.

Njiani hakuwasha redio. Ilimjia ile karatasi. Wiki tatu nyuma mdogo wake alipita dukani wakati wazazi wamejaa mlangoni wakidai sare, akamwambia ni ya bima, akamwekea kidole pa kutia sahihi. Yeye alikuwa na pini mdomoni na miwani iko kwenye cherehani. Alitia sahihi bila kusoma. Kwa mgeni angesoma.

Alimkuta mdogo wake anaanika nguo uani. Hakupandisha sauti. Alisema ametoka kwa fundi, na hilo peke yake lilitosha. Shuka likabaki limening'inia kwa kibanio kimoja. Mdogo mtu akaanza kueleza mengi: gari limechoka, vipuri havipatikani, alijua dada atalia, alitaka kumwepusha na uchungu. Angemwambia Jumatatu, likishaondoka.

"Lile ni gari tu, dada. Baba hayumo mle."

"Najua hayumo," alisema Mama Vifungo. "Ungeniomba, ningekupa. Nisingekuuliza hata la nini."

Mdogo akasogea. Akanyoosha mkono kumshika dada yake bega, lakini dada yake alishavuta kigoda na kuketi, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kwenye ofisi ya watu.

"Kailete ile karatasi."

Ikaletwa, imekunjwa mara nne.

"Sasa nisomee."

Mdogo wake akaanza kusoma haraka haraka, akiruka maneno. Mama Vifungo akamsimamisha kwa upole, akamwambia aanzie juu kabisa, pale palipoandikwa hati ya mauzo, na asome polepole.