Jiwe Tulilolishusha Mbele ya Ubwari

Mwaka niliomaliza chuo cha ualimu nilirudi kwetu Baraka, kando ya ziwa, kungoja shule ambayo ningepangiwa. Siku hizohizo watu wa Fizi, huko milimani, walituma neno kwamba wangeshuka Jumamosi kuja kumposa dada yangu. Nyumba nzima ilifurahi, isipokuwa baba. Alitoka uani, akautazama mwezi uliokuwa karibu kujaa, akarudi ndani na kuendelea kuranda ubao wake kana kwamba hakusikia kitu.

Niliijua sababu. Mwezi ukijaa, wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, hupumzisha mitumbwi yao, maana taa haina kazi juu ya maji yanayong'aa yenyewe. Ndagala hutawanyika, na sangala wakubwa wanaowafuata huteremka kilindini wasikofikiwa na kamba ya kawaida. Katika ukoo wetu mzee anayepokea wakwe huwawekea samaki mmoja mkubwa, mzima na kichwa chake, aliyevuliwa kwa mkono wa nyumba yake. Wa kununua hafai, wala wa kupewa na jirani. Samaki huyo ndiye anayesema kwamba binti anatoka katika nyumba inayojitegemea; wageni wakinawa na kumla, neno limefungwa. Asipokuwapo, wageni hunywa maji, huaga kwa adabu, na neno hungoja siku nyingine.

Safari hiyo siku nyingine haikuwapo. Kijana alikuwa amepata kazi ya reli Albertville na angepanda meli wiki iliyofuata. Dada yangu, ambaye hakuwa mtu wa kulalamika, alinifuata nilipokuwa nikisoma kando ya ghala.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, "bakirudia na njaa, mi sitabalaumu. Lakini ule muntu atapanda meli, na Albertville iko na babinti bengi."

Kisha akacheka, nami nikajua kwamba alikuwa ametoka kulia.

Baba alikuwa fundi seremala na mvuvi, na alikuwa amewahi kutengeneza mashua ya Mzungu mmoja wa kiwanda cha pamba. Kwenye ubavu wa mashua ile kulikuwa na gurudumu lililozungushiwa waya, na mwisho wa waya tufe zito la chuma. Mzungu aliliteremsha tufe hadi kilindini, na kamba yake ya kuvulia ikashuka pamoja nalo, imeshikizwa kidogo tu. Samaki alipovuta chambo, kamba ilichomoka, tufe likabaki peke yake, na mvuvi akapambana na samaki bila uzito mwingine. Baba alikuwa ameushika mtambo ule kwa siku moja tu alipokuwa akigongomea mbao, lakini macho ya fundi hayasahau. Alinieleza mbele ya mama na dada, akanichorea mchangani, akaniuliza kama chuoni tulifundishwa jambo la namna hiyo.

Tulifundishwa kapi na roda, zote ubaoni, kwa chaki. Wenzangu wengi waliyahifadhi mafunzo hayo kwa ajili ya mtihani, wakaenda zao kutafuta meza katika bureau za serikali. Mimi nilikuwa nimejiapia kwamba elimu yangu haitaishia ubaoni, na sasa nyumba yetu wenyewe ilikuwa inaniuliza swali. Nilijibu kwamba tungeweza.

Baba alichonga gurudumu kwa mti mgumu na kulitia mpini wa kuzungushia. Nilikwenda mtoni kutafuta jiwe la mviringo, kwa kuwa jiwe lenye pembe hupinda njia ndani ya maji, nikalivika wavu wa kamba. Dada alisokota kamba ya kulishushia, ndefu kuliko kamba yoyote niliyopata kuiona, na kila baada ya pima kadhaa alifunga fundo ili tujue tumefika wapi. Viganja vyake vilichubuka. Mama alimwambia apumzike, naye akasema angepumzika kwa mumewe. Mama alitoa kijiko chake cha shaba, baba akakikata mpini, akakisugua kwa mchanga hadi kikang'aa kama samaki mdogo anayegeuka, akakitia ndoana.

Ijumaa asubuhi tulipousukuma mtumbwi majini, jirani yetu mwenye mashua, mzee wa msikitini ambaye baba alitaniana naye tangu ujana, alisimama ufukweni na kanzu yake kuangalia.

"Fundi, munatembeza jiwe leo?" aliuliza. "Maskini, haijaona Ubwari bado?"

Baba alimjibu kwamba jiwe lilichoka kusikiliza maneno yake.

"Basi ikipata bibi kule chini," jirani alisema, "musiiache bila mahari."

Tulivuka ghuba hadi mbele ya rasi ya Ubwari, mahali ambapo rangi ya maji hubadilika ghafla na kuwa nyeusi. Mimi nilipiga kasia taratibu. Baba alizungusha gurudumu na kuhesabu mafundo. Kamba ya kuvulia tulikuwa tumeishikiza kwenye jiwe kwa uzi wa mgomba, ule tunaofungia mizigo, ili samaki akivuta uzi ukatike. Jua lilipokuwa juu, mtumbwi ulitikisika. Samaki alikuwa amekamata. Lakini uzi haukukatika. Alivuta jiwe, akalitupa huku na huku, na kabla baba hajaipandisha kamba, mdomo wa samaki ulichanika, akaondoka.

Tuliutazama uzi uliorudi mzima. Kisha baba akacheka kicheko kikavu. Nani katika nchi yetu asiyelowesha uzi wa mgomba kabla ya kufunga mzigo? Tunaulowesha kwa sababu maji huuimarisha. Mikono yetu ilikuwa imefanya hivyo tangu utotoni, na siku hiyo tulikuwa tumeulowesha kwa ziwa zima tukitegemea ukatike.

Jioni hiyo baba alipasua kipande cha mwanzi katikati, akakifunga upande mmoja, kikawa kibanio cha kushikizwa kwenye jiwe. Tulitia kamba mdomoni mwake na kuivuta, tukakaza na kulegeza fundo, mpaka kikashika kwa mwendo wa mtumbwi na kuachia kwa nguvu ya samaki. Dada alikuwa akivuta upande wa pili, akijifanya sangala, na kila kamba ilipochomoka alisema kwamba samaki yule ni mjinga na anafaa kuliwa.

Jumamosi tuliondoka kulipopambazuka, tukijua kwamba wageni nao walikuwa wameanza kushuka milimani. Jiwe lilifika fundo la jana. Sijui tulizunguka kwa muda gani; najua mabega yangu yaliacha kuuma na kuwa kama ya mtu mwingine. Kisha kamba ya jiwe ikalegea kidogo, na ile nyingine ikakazika mkononi mwa baba. Mwanzi ulikuwa umeachia. Niliweka kasia chini na kuzungusha gurudumu kulipandisha jiwe, kamba zisije zikasokotana. Baba alivuta, akaachia, akavuta tena, hana haraka. Sangala alipotokea juu, mpana, mwenye macho ya dhahabu, baba alimkamata kwenye mashavu. Alimwingiza mtumbwini, akamfunika kwa gunia lenye maji, akanishika bega. Nimepata vyeti kabla na baada ya siku hiyo. Hakuna kilichoniheshimisha kama mkono ule uliolowa.

Wageni walikuwa wamekwisha kufika Baraka wakati tunarudi, na jirani yetu alikuwa amewapokea njiani na kuwasimulia habari za jiwe. Kwa hiyo samaki alipoletwa mbele yao, mzima juu ya sinia, msemaji wao, mjomba wa kijana, hakunyoosha mkono.

"Mukwe, huyu samaki ni muzuri sana," alisema kwa upole. "Lakini tulisikia gurudumu ndiyo ilimuvua. Sasa tunauliza: gurudumu iko ya ukoo gani?"

Watu wake walicheka. Mama aliinamisha kichwa. Lilikuwa swali la haki. Desturi ilidai mkono, na kama mkono haukuwapo, neno lisingefungwa.

Baba hakukasirika. Alimwita dada yangu kutoka jikoni, akamwambia afungue viganja mbele ya wageni.

"Bakwe bangu," alisema, "gurudumu niliichonga mimi. Jiwe, huyu mwalimu aliitoa mu mto. Kijiko ni ya mama yao. Kamba ndiyo hii, muisome hapa mu mikono ya binti. Zamani samaki ya wakwe ilivuliwa na mukono moja ya nyumba. Huyu alivuliwa na yetu yote. Kama munaona iko mukono ya mugeni ndani, munionyeshe."

Mjomba aliinama kuviangalia viganja vile. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, na ngozi mpya ilikuwa bado nyekundu. Alimtazama kijana wao, ambaye hakuwa ameinua macho tangu aingie, na sasa alikuwa ameyainua.

"Huyu binti ataisumbua Albertville yote," mjomba alisema. Kisha akakunja mikono ya shati lake na kuomba maji ya kunawa.

Dada yangu alitaka kuyaleta mwenyewe, lakini mjomba alikataa. Alisema mikono ile imekwisha kufanya kazi yake, na ni zamu ya wengine. Ndipo kijana alipoinuka, akachukua birika kwa mama, akawamiminia wazee maji mmoja baada ya mwingine, akianza na baba yangu.