Majani ya Matanga

Rafiki yangu wa chuo alikuwa anatembeza motokari ya baba yake, kuukuu kabisa, batri yake ilikufa zamani. Kila saa ya kutoka, yeye anaingia, anashika usukani, na siye wawili, mimi na mwenzetu wa darasa, tunasukuma toka nyuma mpaka injini ilie. Kwenda mbele kuiangalia, hana haja.

Baba yake alikuwa mchuuzi. Alienda Iga Barrière kununua maharagwe, vita ikafunga barabara. Ilikuwa siku ya tisa bila habari. Rafiki yangu hakulia, hakucheka pia. Bunia ilikuwa imetuzoeza: unasikia masasi ya bunduki, unauliza iko upande gani, unaendelea kunakili masomo.

"Tumuchekeshe huyu," mwenzangu akasema.

Kwetu, motokari yenye kubeba maiti inafungwa majani mbele, ili watu waipishe. Tukakata matawi ya avoka, tukayafunga mbele, chini chini, mwenye usukani asiyaone. Akaja, akaingia. Tukasukuma, ikalia, tukarukia ndani.

Njia nzima watu walisimama. Wa baiskeli wakashuka. Muzee mumoja akavua kofia. Hata askari wa kizuizi aliinua kamba bila kuomba kitu.

"Leo batu banatuheshimu, juu ya nini?" rafiki yangu akauliza.

"Banaona sura ya gavana," nikamujibu.

Akacheka. Nilifurahi, nasema kweli.

Akili ilinirudia tulipokata kona ya Nyakasanza, mtaa wa kwao. Mama yake alikuwa anashinda kwenye lango, anangojea bwana yake. Ningeweza kusema "simama". Sikusema. Nilikuwa mpumbavu, na tena mwoga.

Mama aliona majani. Akavua kitambaa cha kichwa, akaanguka, akalia. Majirani wakatoka mbio, wakaketi chini pamoja naye, wakalia pia.

Rafiki yangu alishuka, akaenda mbele, akaona. "Mama, hakuna maiti. Ni michezo ya hawa."

Kilio kikakatika. Nikangoja kofi, ningelipokea vizuri. Mama akainuka, akachungulia kiti cha nyuma.

"Maiti yake haiko mu motokari?"

"Haiko, mama," nikasema.

Akafunga kitambaa chake, akarudi kukaa langoni. Majirani wakapanguza vumbi, wakaenda kupika. Sikuona haya, sikusikia kitu chochote moyoni. Haya ilikuja miaka mingi baadaye, vita ilipokwisha.

Baba hakurudi, wala mwili wake. Siku aliyokufa haikujulikana, basi haikuwekwa siku ya kumulilia. Zile dakika chache, watu chini mbele ya motokari tupu, ndizo matanga yake yote. Matawi nilikata mimi.